Dima janja kwenye taa ya swichi mbili: dalili na vyanzo vyake

Taa ya ngazi, ya korido ndefu au ya sebule yenye milango miwili huwa na swichi mbili, na mafundi huiita kwa kifupi tu-wei. Unawashia chini, unazimia juu. Mfumo huu hauna elektroniki yoyote ndani yake na hudumu miaka na miaka bila kumsumbua mtu. Shida huanza siku mwenye nyumba anapoleta dima janja, ile ya kupunguza mwanga na kuamriwa kwa simu, akaifunga mahali pa swichi moja na kuiacha ya pili ilivyo. Au ananunua mbili, ya juu na ya chini, kwa kuwa swichi zilikuwa mbili.

Hitilafu nyingi nitakazozieleza zinaanzia hapo. Taa moja hushikwa na dima moja. Sehemu nyingine zote za kuwashia, iwe moja au nne, kazi yake ni kuituma ile dima. Hazitakiwi kukata wala kupitisha umeme wa taa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na dima mbili zilizofungwa kwenye taa moja haziishii kwenda mrama, moja inaweza kuungua.

Kabla ya kufungua boksi

Zima breka kuu, si ya taa peke yake. Kwenye nyumba za ghorofa ni kawaida kukuta taa ya ngazi imechukua laivu (waya unaoleta umeme) kutoka saketi ya chini na nyutro (waya unaourudisha) kutoka saketi ya juu, kwa sababu fundi alitafuta njia fupi ya waya. Ukizima breka ya chini, laivu imekufa, lakini ile nyutro bado inabeba umeme unaorudi kutoka taa za juu, na ukiikata mkononi unaweza kupigwa. Kama kuna inveta ya sola yenye betri, nayo izime. Umeme wa Yaka, ile mita ya kulipia kabla, ukikatika, inveta ndiyo kwanza inaanza kazi.

Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo inadanganya kwenye tu-wei. Waya usiounganishwa popote, ukipita kwenye paipu moja na waya wenye umeme, huambukizwa volti hafifu, na kitaa kinawaka. Mita ya dijitali nayo inaweza kukuonyesha volti 60 au 90 kwenye waya ambao hauna kitu. Mimi naamini zaidi balbu ya kawaida ya nyuzi kwenye holda yenye nyaya mbili: volti ya kuambukizwa haiwezi kuiwasha, umeme wa kweli unaiwasha. Jambo la msingi ni kuijaribu balbu yenyewe kwanza mahali unapojua pana umeme.

Kwa sheria ya Uganda kazi ya kufunga nyaya ni ya mtu mwenye kibali kutoka ERA, mamlaka inayosimamia umeme. Mwenye nyumba anaweza kusoma dalili, kupekua mipangilio ya programu na kubadilisha balbu. Kufungua boksi na kuhamisha waya mwachie mwenye kibali, ila msimamie ukiwa unajua anachokitafuta.

Tu-wei yako imefungwa vipi?

Swali hili ndilo linalorukwa, na ndilo linaloamua kila kitu. Kuna njia mbili halali na moja ya hatari.

Kila swichi ya tu-wei ina midomo mitatu ya kufungia waya: COM, ambao ni wa pamoja, na L1 na L2. Njia ya kwanza: laivu inaingia COM ya swichi ya kwanza. Nyaya mbili, strapa, zinaunganisha L1 na L2 za swichi hiyo na L1 na L2 za swichi ya pili. Kutoka COM ya swichi ya pili waya unapanda kwenye taa. Kwa hiyo laivu iko boksi moja na waya wa taa uko boksi jingine.

Njia ya pili: laivu na waya wa taa zote ziko kwenye boksi moja, moja kwenye L1 na nyingine kwenye L2. Kutoka hapo nyaya tatu zinakwenda boksi la pili, COM kwa COM, L1 kwa L1, L2 kwa L2. Hapa COM si laivu ya kudumu. Inapata umeme kulingana na swichi zilivyokaa. Fundi aliyezoea njia ya kwanza anakuja, anachukua waya wa COM, anautia kwenye mdomo wa L wa dima, kisha anashangaa dima inawaka na kuzimika kama ina mapepo.

Njia ya hatari ni ile ya kupeleka laivu na nyutro kwenye kila swichi na kutoa COM ya kila moja kwenda upande wake wa taa. Inaokoa waya, lakini taa inaweza kuwa imezimwa huku pande zake zote mbili zina laivu. Dima ikifungwa hapo, kuna mkao wa swichi ya pili utakaoweka laivu kwenye mdomo wa dima unaotoa umeme. Mzunguko huo usiwekewe dima mpaka uvutwe upya.

Kuzitofautisha si kazi kubwa. Nyumba ikiwa haina umeme, tenganisha nyaya za maboksi yote mawili, ziache ncha zikiwa mbali mbali, rudisha umeme, kisha pima kila ncha. Kwa zile njia mbili halali, waya wenye laivu utakuwa mmoja tu. Zima tena. Sasa tafuta kwa mita ya mlio, ile inayolia ncha mbili zikiwa za waya mmoja, ni nyaya ngapi zinaunganisha boksi na boksi: zikiwa mbili, ni njia ya kwanza, zikiwa tatu, ya pili. Ukikuta laivu kwenye maboksi yote mawili, shuku ile ya hatari. Zifunge tepu zenye maandishi papo hapo, maana rangi hazitakusaidia.

Kwa nini hazisaidii? Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro, ule mtindo wa Kiingereza. Uingereza yenyewe ilianza kuhamia kahawia na buluu mwaka 2004, na leo kwenye nyumba iliyoongezwa vyumba utakuta mitindo yote miwili ndani ya paipu moja. Kubwa zaidi ni hili: kwenye boksi la swichi, waya mweusi au wa buluu mara nyingi si nyutro. Ni upande wa pili wa kebo ya nyaya mbili uliotumika kama waya wa taa au strapa. Ukiuchomeka kwenye mdomo wa N wa dima kwa kuwa tu ni mweusi, dima itakuwa imefungwa kati ya laivu na waya wa taa, na kila dalili utakayoiona baada ya hapo itakupoteza njia.

Dalili: dima inafanya kazi swichi ya pili ikiwa upande mmoja tu

Chini kila kitu ni sawa, kisha mtu anabonyeza swichi ya juu, na dima inakufa kabisa. Hata kwenye simu inaonekana haipo. Anairudisha, dima inafufuka.

Chanzo ni swichi ya kawaida iliyoachwa. Dima imefungwa kwenye COM na strapa moja, na swichi ya juu ina uwezo wa kuhamishia umeme kwenye strapa ile isiyotumika. Hakuna mpangilio wa programu utakaoponya hilo.

Kwa njia ya kwanza, toa swichi ya zamani. Kwenye boksi hilo unganisha waya wa COM na strapa moja kwa koneka imara, ile strapa nyingine izibe pande zote mbili. Ikiwa dima iko upande wa laivu, waya wa COM unaingia mdomo wa L na strapa ile iliyounganishwa inaingia mdomo wa taa. Ikiwa iko upande wa taa, ni kinyume chake: strapa ndiyo inayoleta laivu. Mafundi wengi hukosea hapa kwa kuchanganya strapa iliyozibwa na iliyounganishwa, kwa hiyo tepu zile za maandishi zinalipa.

Kwa njia ya pili una bahati. Laivu na waya wa taa viko boksi moja, dima inakaa hapo, na zile nyaya tatu za kwenda boksi la pili zimebaki huru kutumika kwa amri.

Penye sehemu tatu za kuwashia, katikati kuna swichi ya intamidieti yenye midomo minne. Nayo inatoka, strapa moja inaunganishwa moja kwa moja kupita hapo.

Sasa sehemu ya pili itaamuruje? Ama kwa rimoti ya betri inayobandikwa ukutani juu ya kifuniko, ama kwa swichi ya kubonyeza na kuachia, kama ya kengele ya mlango, iliyovutiwa waya hadi kwenye dima, ama kwa kile kifaa mwenza ambacho mtengenezaji wa dima anakiuza kwa kazi hiyo. Kifaa mwenza cha kampuni moja hakielewani na dima ya kampuni nyingine, hata midomo ikiwa na herufi zilezile. Kwa nyumba iliyokwisha kupigwa rangi mimi napendelea rimoti: inabadilishwa betri baada ya muda mrefu, na ukuta haufumuliwi.

Dalili: swichi ya pili inaamuru vibaya

Inabidi kubonyeza mara mbili ndipo itii. Au taa inajiwasha usiku wa manane. Au mwanga unapanda na kushuka bila kukoma.

Kubonyeza mara mbili: umefunga swichi ya kawaida inayobaki ilipobonyezwa, huku dima ikisubiri mbonyezo wa kuachia. Programu nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya swichi. Chagua inayolingana, au badilisha swichi. Kwa kupunguza mwanga, swichi ya kuachia ndiyo inayofaa, maana dima hupima muda ambao kidole kimekaa. Swichi ya kawaida ikiachwa imebonyezwa kwenye dima inayosubiri kidole kitoke, ndipo mwanga unapopanda na kushuka.

Taa kujiwasha: waya wa amri ni mrefu na umepita paipu moja na nyaya za umeme. Ile volti ya kuambukizwa niliyoitaja inatosha kuidanganya dima kwamba kuna aliyebonyeza. Jaribio ni rahisi: ondoa waya wa amri kwenye dima kwa usiku mmoja. Kama taa haikujiwasha, umepata mwizi. Dawa ni njia nyingine ya waya, au rimoti.

Kuna kosa jingine ambalo halisamehi. Dima nyingine zinataka laivu irudi kwenye mdomo wa S, yaani wa amri, kupitia swichi. Nyingine zinataka midomo miwili ya S iunganishwe bila umeme wowote wa nje. Ukitia laivu kwenye ile isiyotaka, umeichoma. Mchoro wa kwenye kikaratasi cha modeli hiyohiyo ndio unaofuatwa, si wa dima ya jirani.

Dalili: dima haiwaki, au inapotea kwenye simu taa ikizimwa

Hapa tatizo ni nyutro.

Dima ya kizamani, ya kuzungusha, haihitaji nyutro. Dima janja ina redio ndani yake, na redio lazima ipate umeme hata taa ikiwa imezimwa. Inaupata kupitia nyutro, au, kwa zile zisizo na nyutro, kwa kupitisha umeme mdogo sana ndani ya balbu yenyewe. Nyumba zetu nyingi hazina nyutro kwenye maboksi ya swichi. Nyutro inapita juu, taa hadi taa, na kinachoshuka ukutani ni laivu na waya wa kurudi.

Fundi mwenye haraka atakwambia: "Bosi, hapa tunachukua ithi tu, inafanya kazi ileile." Mkatalie: ithi ni waya wa usalama unaoshuka ardhini. Ni kweli dima itawaka. Ikiwa nyumba ina RCD, breka inayokata umeme ukivuja, itaruka mara moja au itakuwa inaruka bila mpango. Ikiwa haina, na nyumba nyingi za zamani hazina, kila kitu kitaonekana salama kwa miezi, huku umeme wa dima ukitiririka kwenye waya wa ithi. Siku ile klipu ya kwenye fito ya ardhini itakapopata kutu na kuachia, ithi ya nyumba nzima itabaki imening'inia kwenye laivu kupitia dima hiyo. Ganda la friji, la pasi, bomba la shawa ya kupasha maji, vyote vimeunganishwa na ithi. Wakati wa kiangazi udongo mwekundu ukikauka kuzunguka fito, hata klipu nzima haisaidii sana.

Njia za halali ni tatu. Kwanza, vuta waya wa nyutro kutoka kwenye taa hadi boksini kwa springi ya kuvutia waya ndani ya paipu. Kama paipu ina nafasi, ni kazi ndogo. Uchukue kwenye saketi ileile inayoleta laivu, si kwenye soketi iliyo karibu. Pili, nunua dima isiyohitaji nyutro, ukikubali masharti yake, ambayo nayafikia hivi punde. Tatu, na hii haijulikani sana: hamishia dima darini. Zipo moduli, yaani dima ndogo zisizo na kitufe, zinazokaa nyuma ya swichi, na zinaweza pia kukaa juu ya taa. Unganisha COM, strapa na COM moja kwa moja kwenye maboksi yote mawili, na waya uliokuwa wa kuwasha sasa unapeleka laivu ya kudumu hadi kwenye taa, ambako nyutro tayari ipo. Moduli inafungwa hapo, ukutani panabaki rimoti mbili za betri. Hakuna waya mpya hata mmoja.

Njia hiyo ya tatu ina adui mmoja, mabati. Nafasi kati ya dari na mabati hupata joto kali mchana, na moduli iliyolazwa juu ya dari ya mbao, karibu na mabati, itajizima yenyewe kwa kujikinga au itakufa mapema. Iweke chini kabisa, kwenye boksi lake, mbali na mabati. Chini ya zege haina shida ya joto, ila mara nyingi haina pa kukaa.

Kama dima haijawahi kuwaka hata mara moja na ilitoka Marekani kwenye begi la ndugu, soma mgongo wake kabla ya kumlaumu fundi. Ikiandikwa 120 V, hapa kwetu kuna volti 240. Usiijaribu hata kwa sekunde. Kamwe usidhani kigeuza umeme cha mezani kitasaidia. Hata umbo halilingani, maana boksi letu ni la mraba la mtindo wa Kiingereza, lao ni jembamba na refu. Na kama ingelingana, ingebaki hatari ya rangi: kwa Wamarekani waya mweusi ni laivu na mweupe ni nyutro, wakati kwenye nyumba ya zamani ya Kampala mweusi ni nyutro. Anachoita Mmarekani "njia tatu" ndiyo hii tu-wei yetu, kwa hiyo video zake za mtandaoni zinapotosha mara mbili.

Dalili: mwanga unacheza, au taa inabaki na kiwingu cha mwanga ikizimwa

Anza na balbu. LED nyingi za bei nafuu haziwezi kupunguzwa mwanga. Kama ganda la balbu halijaandikwa kwamba inakubali dima, itacheza, italia au itawaka ghafla ikifika katikati. Badilisha balbu zote za saketi hiyo kwa aina moja kabla ya kuhangaika na kitu kingine. Balbu moja mbaya kati ya sita hutosha kuchezesha zote.

Balbu zikiwa nzuri, angalia mzigo wa chini kabisa. Dima isiyo na nyutro inataka wati za kutosha ili umeme wake mdogo upite. Taa nne za wati 5 ni wati 20 tu. Dima inayotaka wati 25 itahangaika hapo, na LED zitabaki na kiwingu usiku kucha. Kuna kapasita maalumu ya kuziba pengo hili, ambayo watengenezaji wengi huiuza pamoja na dima. Inafungwa kwenye taa, kati ya waya wa taa na nyutro, na inatosha kwenye taa moja ya saketi. Wengine huifunga nyuma ya swichi na kulalamika kwamba haisaidii. Kapasita ya feni haifai mahali pake.

Kiwingu kinaweza kuwepo hata bila dima isiyo na nyutro. Tu-wei yenye strapa ndefu ndani ya paipu moja huambukiza waya wa taa volti za kutosha kuzichokoza LED. Kama kiwingu kilikuwepo na swichi za zamani, dima haina kosa. Kapasita ileile inakiondoa.

Kisha mtindo wa kukata. Dima hupunguza mwanga kwa kukata kipande cha kila wimbi la umeme, ama mwanzo wa wimbi ama mwisho wake. LED nyingi hupenda kukatwa mwisho. Dima ya kukata mwanzo huzifanya zilie. Dima janja nyingi zina chaguo hilo kwenye programu. Badilisha, tazama. Hapohapo kuna mpaka wa chini wa mwanga: upandishe hadi pale taa inapotulia. Asilimia tano za kwenye simu si lazima ziwe mwanga unaoonekana.

Ikiwa mwanga unacheza jioni tu, wakati mtaa mzima uko jikoni, pima volti saa hiyo. Ikishuka sana na kuyumba, hiyo ni ya kuripoti kwa UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni iitwayo Umeme mwezi Aprili 2025. Ikicheza umeme wa inveta tu, uliza inveta yako inatoa wimbi la aina gani. Inveta za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na dima inayotafuta mahali wimbi linapovuka sifuri inachanganyikiwa. Hakuna marekebisho; ama inveta ya wimbi safi, ama dima iachwe kwenye mwanga kamili wakati huo.

Dalili: breka au RCD inaruka

RCD inaruka taa ya ngazi inapowashwa, hata kwa mwanga mdogo: ni ile nyutro ya kuazima kutoka saketi nyingine. RCD inalinganisha umeme uliotoka na uliorudi. Uliotokea chini ukirudia juu, inaona pengo. Kwa swichi za kawaida pia ingeruka, ila pengine RCD imewekwa juzi pamoja na dima, na dima ndiyo inayobeba lawama. Rudisha laivu na nyutro kwenye saketi moja. Njia ya mkato ya kuziunganisha nyutro mbili pamoja inahamisha kosa tu.

Breka ya kawaida inaruka papo hapo: tafuta mguso. Maboksi yetu ya swichi mara nyingi ni ya kina kifupi, dima ni nene, na skrubu ikikazwa kwa nguvu inakata ganda la waya. Boksi likiwa la chuma, waya huo unaligusa na breka inaruka.

Dalili: joto, mlio, taa isiyozimika

Dima kuwa vuguvugu ni kawaida. Ikichoma kidole, angalia mzigo. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye pakiti ya dima, tuseme wati 400, kwa dima ya kukata mwanzo ni ya balbu za nyuzi. Kwa LED mafundi wa Kiingereza huchukua sehemu moja ya kumi, yaani wati 40 hivi. Soma kama kuna namba ya pili, ndogo, ya LED. Dima mbili zikipangwa bega kwa bega kwenye boksi moja, kila moja hubeba pungufu.

Feni ya dari isifungwe kwenye dima ya taa. Hilo ndilo jibu lote.

Taa iliyobaki kwenye mwanga kamili na haizimiki hata kwa kidole: swichi ya elektroniki ya ndani imeungua ikiwa imefungwa, kama kawaida yake inapoungua. Uganda ina radi nyingi, na mara nyingi jambo hili hutokea baada ya mvua kubwa. Dima hiyo haina matengenezo. Kabla ya kuweka nyingine, weka kinga ya radi kwenye boksi la breka, na hakikisha ithi iko hai, maana kinga hiyo inamwaga radi kwenye ithi.

Dalili: ukutani inatii, kwenye simu haitii

Nyaya zako ni nzima. Dima nyingi za Wi-Fi husikia masafa ya 2.4 GHz tu. Ruta iliyochanganya 2.4 na 5 kwa jina moja inaweza kuizuia kujiunga, hivyo zitenganishe wakati wa kuunganisha. Boksi la chuma, kifuniko cha chuma na ukuta wa matofali hupunguza ishara. Shusha ruta kutoka chumba cha mwisho hadi kwenye korido.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, dima huamka kabla ya ruta. Ipe dakika chache. Nyumba ikiwashwa mwanga saa tisa za usiku kila umeme unaporudi, tafuta kwenye programu mpangilio wa hali ya baada ya umeme kurudi, uuweke kwenye kuzima. Dima inayotegemea seva za mbali hukosa masikio bando likiisha. Zile za Zigbee, aina nyingine ya redio isiyo Wi-Fi, zenye kitovu nyumbani, au zinazoamriwa ndani ya mtandao wa nyumba, huendelea.

Na kama taa inawaka na kuzimika yenyewe kila sekunde chache bila mtu kugusa, fungua orodha ya kanuni kwenye programu. Aghalabu kuna moja inayosema dima ya ngazi ikiwaka, ya korido iwake, na nyingine inayosema ya korido ikibadilika, ya ngazi ifuate. Zinapeana amri bila kuchoka. Futa moja.